Kreti Ishirini na Nne

Lori la wakulima lilipofika Alhamisi saa moja asubuhi, Halina Kubiak alitoka kulipokea akiwa na kikapu mkononi. Alikuwa ameagiza mahindi mabichi ishirini na manne, na kwa mahindi ishirini na manne kikapu kinatosha na nafasi inabaki. Dereva alikitazama kikapu, akamtazama mwenye kikapu, kisha akaenda kufungua mlango wa nyuma wa lori.

"Dada, una watu wa kukusaidia?"

"Wa nini? Niko sawa tu."

"Haya," dereva akasema, akaanza kushusha kreti.

Kreti ya sita ilipotua barazani Halina alicheka, akidhani nyingine ni za jirani. Ya kumi na mbili ilipotua aliacha kucheka. Fomu ya kuagizia ilikuwa na safu mbili, ya idadi na ya kipimo. Kwenye idadi Halina aliandika 24, akaridhika na mwandiko wake. Kwenye kipimo palikuwa pamechapwa neno "kreti", kubwa na jeusi, na hilo hakulisoma, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwahi darasani kusomea takwimu. Kila kreti ina mahindi arobaini na manane. Hesabu aliifanya akiwa amekaa kwenye ngazi na kikapu chake magotini, akapata elfu moja mia moja hamsini na mawili.

Sasa, kukosea kuagiza ni jambo la kawaida, na pengine angecheka tena. Tatizo ni kwamba hayo mahindi hayakuwa yake. Yalikuwa ya Nyumba ya Mulberry, nyumba ya ushirika ya wanafunzi thelathini na mmoja hapo mjini Madison, ambako watu hupika kwa zamu, hula pamoja, na hawana bosi. Kila kitu huamuliwa kwa kikao. Sabuni ya vyombo peke yake ilikula vikao viwili. Halina alikuwa na wiki tatu na siku nne humo ndani, yumo kwenye mwezi wa majaribio, na Jumapili jioni kikao kingemwamua yeye: abaki au afungashe. Na kwa sharti la nyumba hiyo, ngumi ya mtu mmoja tu, yaani mkono uliokunjwa kuonyesha anazuia, inatosha kumtoa.

Kingine, kazi ya kununua chakula hakupewa, aliiomba. Wiki yake ya kwanza, bado hajajua hata swichi ya taa iko wapi, alinyoosha mkono akasema yeye anajua sana kununua.

Alikuwa anaitaka hiyo nyumba kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mwaka wake wa kwanza chuoni aliumaliza bwenini, anakula tambi za kikombe huku anaiangalia simu, na kuna wiki nzima jina lake lilitamkwa na mashine ya kadi tu pale maktaba. Mulberry, siku ya pili, mtu alimpigia kelele toka jikoni: "Halina, kitunguu unakula?" Alilia kidogo, na kilichomliza hakikuwa kitunguu.

Aliyetoka barazani wa kwanza ni Wendell Brandt, na kama kungekuwa na kura ya nani asitoke wa kwanza, Wendell angeshinda. Alikuwa na miaka ishirini na saba, anasomea shahada ya udaktari ya uchumi, mweka hazina wa nyumba kwa mwaka wa tano. Wote walimwita Mzee. Bei ya unga wa ngano katika maduka matatu alikuwa nayo kichwani, na ndiye mtu pekee aliyewahi kuonekana akiinua ngumi kikaoni. Alimzuia kijana mmoja aliyenunua maji ya chupa kwa hela ya nyumba wakati bomba lipo.

Alizizunguka zile kreti mara moja, polepole, mikono nyuma.

"Hela ya chakula ya wiki tatu imelala hapa," alisema.

"Nitayauza, Mzee. Jumamosi kuna mechi, mtaa mzima unapita hapa kwenda uwanjani. Nitawauzia wanafunzi."

"Wanafunzi." Wendell alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza atakavyojenga ndege. "Nimeandika sura mbili za tasnifu juu ya wanafunzi wanavyonunua. Mwanafunzi hujilinganishia bei, halafu anachagua cha nafuu. Na chakula cha nafuu kabisa Jumamosi kiko kwao bwenini, wazazi wameshakilipia. Hawatanunua mahindi yako."

"Chukua basi hata moja. Bure."

"Yananiingia kwenye meno," Wendell akasema, akaingia ndani.

Halina hakukata tamaa mara moja. Alihesabu kwamba wenzake wakila kwa bidii wanaweza kupunguza mzigo, akaweka kreti moja mlangoni pa jikoni na kibao: Bure, jichukulie. Mpaka Ijumaa jioni yalikuwa yametoka matatu. Moja kati ya hayo matatu alilikuta chumbani kwa Osgood, jitu refu la mwaka wa tatu, hindi limetegwa dirishani ili dirisha lisijifunge. Huku chini stoo mengine elfu moja na ushei yanapoteza utamu kila saa, maana hindi tamu ni kama embe lililoiva, halimngoji mtu.

Aliyemwokoa, au aliyeanza kumwokoa, ni Itzel Barragán, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Itzel alitoka Chicago, na mjomba wake alikuwa akisukuma mkokoteni wa mahindi tangu kabla yeye hajazaliwa.

"Tunayachemsha ndani, tunayamalizia kwenye mkaa nje," alisema Itzel, akishika hindi na kulibonyeza punje kwa ukucha. "Mayonezi, jibini la unga, pilipili, ndimu. Mjomba amesomesha watoto wanne kwa hayo hayo. We vipi, mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangalia kama ninavyomwangalia malaika."

"Malaika anataka jibini kilo sita. Nenda kanunue. Na mama, soma kipimo."

Jumamosi jua lilitoka na mtaa mzima ulivaa nyekundu, rangi ya timu ya chuo. Kufikia saa nne watu walishaanza kushuka kuelekea uwanjani makundi kwa makundi, muziki unatoka kila ua. Aliazima majiko mawili ya mkaa kwa majirani, akayapanga barazani, akaandika kibao kwa rangi: Mahindi Matamu, Dola Moja Tu. Hapo alijisifu kidogo. Mahali pazuri, bei ya kutupa, harufu inavuka barabara. Kizuri chajiuza.

Hakikujiuza. Mpaka saa tano walikuwa wameuza manne, na mawili aliyanunua bibi mmoja aliyekuja kuuliza njia. Wanafunzi walikuwa wanapita mamia. Wanapunguza mwendo, wanavuta harufu, wanasoma kibao, halafu sura zao zinaingia wasiwasi. Wasichana wawili walisimama kabisa. Mmoja akamwambia mwenzake, "Unaonaje?" Mwenzake akasema, "Sijui, wewe unaonaje?" Wa kwanza akatoa simu akaangalia kitu, pengine akauliza wengine waliokuwa mbali huko nao wanaonaje, kisha wakaondoka. Walivuka barabara wakaenda kujipanga kwenye foleni ya kahawa ya dola saba, foleni iliyotoka mpaka nje ya mlango.

Halina aliitazama ile foleni kwa hasira ya kweli. Kahawa ile aliijua, ilikuwa na ladha ya mswaki. Alitaka kuvuka awaulize wale watu wana akili gani. Macho yakamshuka, kwa hasira hiyo hiyo, mpaka kwenye miguu yake mwenyewe.

Alikuwa amevaa buti za kahawia. Mwaka jana buti hizo zilikaa dukani kwa nusu bei mwezi mzima, akizipita kila siku bila kuziona. Siku alipoingia darasani akakuta wasichana sita wa safu ya mbele wamezivaa, alikwenda jioni ile ile akazinunua kwa bei kamili, na zilikuwa zinambana. Hata sasa zilikuwa zinambana.

"Itzel," alisema. "Mimi ni mjinga."

"Hilo tumelijua tangu Alhamisi."

"Hapana, sikiliza. Hawajui kama ni matamu. Mtu wa kuwaambia ni nani? Sisi wauzaji? Wanaangaliana wao kwa wao. Nami nimewawekea nini cha kuangalia? Ua mtupu na bei ya kutupa."

Itzel alikitazama kile kibao kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Ni kweli. Dola moja inawaambia yana kasoro. Rahisi huvunja upishi, mama. Mjomba angenichapa."

Halina akachukua brashi. Akafuta moja, akaandika tano, akafuta na lile neno "tu". Kisha akapanda ngazi mbili mbili, akagonga milango yote ya ghorofa ya pili na ya tatu.

"Amkeni. Nahitaji watu kumi na wawili."

"Kula mahindi?" sauti ya Osgood ikatoka chini ya shuka. "Halina, tafadhali."

"Sitaki ule. Nataka usimame."

Walishuka kumi na mmoja, wengine na malapa, mmoja na mswaki mdomoni. Halina aliwapanga foleni kutoka kwenye majiko ya mkaa mpaka langoni, akawaambia wajifanye wana shida ya mahindi. Na hapo, ndugu zangu, Itzel alianza kazi aliyozaliwa nayo. Alikuwa analigeuza hindi juu ya mkaa mpaka lipate madoa meusi, analipaka mayonezi, analiviringisha kwenye jibini likawa jeupe kama limeanguka kwenye unga, anatupa pilipili kwa mbali, anakamua ndimu kwa mkono ulioinuliwa juu ili hata wa ng'ambo ya barabara waone. Kila hindi moja lilichukua muda, na muda ndio walioutaka.

Dakika tano zikapita. Kijana mmoja akasimama nyuma ya yule mwenye mswaki.

"Foleni ya nini hii?"

"Mahindi," akajibu mwenye mswaki.

"Ni mazuri?"

"Sijui. Ndiyo kwanza nami nasubiri."

Kijana akabaki. Akaja mwenzake akamkuta amesimama, naye akasimama. Ndipo likatokea kundi la bendi ya chuo, wapiga tarumbeta kumi na wanne na kofia zao za manyoya, na mkubwa wao akasema wana dakika kumi, na foleni ni foleni, itakuwa kuna kitu. Halina aliwapa hao kipaumbele, akawaambia wakale wakitembea. Waliondoka wakishuka mtaa mzima na mahindi mikononi kama marungu, midomo myeupe kwa jibini, na kila mtu waliyempita aligeuka kuangalia walikotoka.

Basi, ikawa ni balaa. Kufikia saa sita foleni ilikuwa imetoka langoni. Saa sita na nusu ilifika duka la kufulia nguo. Saa saba ilikata kona ikapotea machoni. Wenzake wa Mulberry wakaacha kuigiza wakaingia kazini bila kuambiwa: wawili wanamenya maganda, watatu wako jikoni na zile sufuria za kupikia watu thelathini, mmoja anakimbilia mkaa. Halina alikuwa anapokea malipo kwenye simu, anapiga kelele "Manne, mawili ya pilipili sana", anacheka peke yake, jasho linamtiririka, na buti hazimbani tena au hana nafasi ya kuzisikia. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu aje mji ule. Kila mtu alikuwa anaita jina lake. Halina, maganda. Halina, ndimu zimeisha. Halina, shika hii.

Katikati ya hayo Osgood akatokea mbele yake, amefika mwanzo wa foleni, ametoa pochi.

"Rudisha pochi yako, Osgood. Wewe ni wa maonyesho."

"Najua," Osgood akasema. "Lakini nimepanga foleni."

Alilipa tano akala pale pale, amefumba macho. Hindi lingine la namna hiyo hiyo, alilopewa bure, lilikuwa bado liko dirishani kwake.

Mechi ilianza saa nane na nusu, na mizinga ya kuifungua ikasikika toka uwanjani, na foleni haikutikisika. Watu walikuwa wameshasubiri sana kiasi kwamba kuondoka ingekuwa hasara. Kwa mbali, kama mtu wa kumi na tano hivi, Halina alimwona mmoja amejifunika kofia ya sweta ya kijivu mpaka puani katika joto lile, akashangaa, kisha mtu akamwita akasahau. Saa tisa Itzel alipiga sufuria kwa mwiko.

"Yameisha, jamani. Poleni. Yameisha kabisa."

Waliobaki walinung'unika kama watu walioibiwa. Halina alikaa chini kwenye majani. Kila kreti ilikuwa tupu. Hela ya wiki tatu ilikuwa imerudi, na juu yake nyingine ya kununulia jiko jipya la gesi. Itzel alimwangukia shingoni, wakabaki hapo wamekumbatiana, wananuka moshi.

Hindi moja lilibaki, kwa sababu Halina alilificha chini ya sinki asubuhi. Siku nzima hakuwa ameonja hata punje. Lakini mikono ilikuwa haiinuki tena, akaliweka kwenye friji na kulibandika utepe kama wafanyavyo wote nyumba ile: Halina, usiguse. Akaenda kulala jua bado liko juu.

Jumapili saa kumi na mbili jioni nyumba nzima ilikaa sebuleni, kwenye makochi, sakafuni na juu ya ngazi. Walikuwa wamekula dengu. Wale ishirini na wanne waliojiandikisha kula mahindi siku ile waliuliza mahindi yako wapi, na Halina akakumbuka ghafla kwamba hicho ndicho alichokuwa ameagizia tangu mwanzo. Walicheka mpaka dengu zikapoa, naye alicheka nao.

Mwenyekiti wa jioni ile alikuwa Itzel. Akasoma jina, akaeleza desturi kwa ajili ya wageni: gumba juu, nakubali; gumba la kulala, sipendi lakini sitazuia; ngumi, nazuia; na mwenye ngumi lazima atoe sababu mbele ya watu.

"Halina Kubiak abaki Mulberry," akasema. "Mikono."

Magumba yalipanda. Osgood alipandisha mawili. Halina aliyahesabu kwa pumzi, ishirini na tano, ishirini na sita, akazunguka chumba kwa macho mpaka akafika kwenye kona ya rafu ya vitabu. Hapo alikuwa amesimama Wendell, na mkono wake uliokuwa juu ulikuwa umekunjwa ngumi.

Halina alisikia friji ikinguruma kule jikoni. Aliliona bweni, kikombe cha tambi, mashine ya kadi.

"Sababu, Mzee," Itzel akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena.

Wendell alikohoa. "Jana nilikuwa natoka maktaba," alianza, akiangalia zulia. "Pale kona ya duka la kufulia nikakuta foleni. Ndefu. Sikujua ni ya nini. Nikasema, watu wengi hivi, si bure. Nikasimama."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akapigwa kiwiko.

"Nilisimama dakika arobaini. Tulipokata kona nikaona inaingia langoni kwetu. Nilijua bei, nilijua ni mahindi gani, nilikuwa nimeshakataa la bure kwa mdomo wangu huu. Lakini mbele yangu walibaki watu kumi na sita, na ningeondokaje? Nikavuta kofia nikaendelea kungoja." Hapo alimtazama Halina kwa mara ya kwanza. "Halafu yakaisha. Sijalala vizuri. Sikubali mtu abaki nyumba hii mpaka nile hindi langu."

Kicheko kilichopasuka kilitikisa madirisha. Halina hakucheka, alikuwa ameshasimama anakimbilia jikoni. Alifungua friji, akabandua utepe wenye jina lake, akalishika lile hindi na kulitazama kidogo. Ukiacha lile la dirishani kwa Osgood, lilikuwa la mwisho kati ya elfu moja mia moja hamsini na mawili, na aliling'ang'ania siku mbili. Kisha akawasha gesi akaligeuza juu ya moto, akalipaka mayonezi yaliyobaki, akafuta jibini kwenye kona za mfuko. Wendell alikuja akasimama mlangoni na sahani, mpole kama mtoto anayengoja kupakuliwa.

"Karibu, Mzee. Hulipi."

Wendell alilipokea. Alilinusa. Akalishusha tena kwenye sahani.

"Kuna nini tena?" Halina akauliza.

"Jana palikuwa na watu," Wendell akasema kwa aibu ya kweli. "Hivi hivi peke yangu, sijui kama litakuwa lile lile."

Itzel alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikuja akasimama nyuma ya Wendell. Nyuma yake akasimama yule mwenye mswaki, kisha mwingine, kisha wote, foleni ikajaa jikoni ikatoka sebuleni ikapanda ngazi, watu ishirini na tisa nyuma ya hindi moja. Wendell aligeuka akaitazama mpaka mwisho. Akauma. Akafumba macho, akauma tena, na gumba lake, limepakaa mayonezi mpaka kwenye kifundo, likapanda juu.

Kutoka kule nyuma kabisa, kwenye ngazi, Osgood akauliza kama yatamfikia.